Wodi Ikikosa Nafasi, Sindano Huongezeka

Chukua wodi ya wagonjwa wa akili yenye urefu wa mita 24 na upana wa mita 8, umbo ambalo limerudiwa katika hospitali zetu tangu enzi za Waingereza: ukumbi mmoja mrefu, mlango upande huu, vyoo upande ule, na vitanda safu mbili vikitazamana. Kitanda kina upana wa sentimita 90. Ukiweka vitanda 12 kila safu, kila mgonjwa anapata mita 2 za ukuta, na kati ya kitanda na kitanda inabaki mita 1 na ushei. Nesi anapita na sinia la dawa bila kumgusa mtu. Ukiweka 15 kila safu, mwanya unashuka hadi sentimita 70. Wakifika wagonjwa 50, kila mmoja ana sentimita 96 za ukuta na vitanda vimekaribia kugusana. Wanaoletwa baada ya hapo wanatandikiwa godoro njiani.

Hesabu hiyo haiko mbali na hali halisi ya Uganda. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya magonjwa ya akili ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 mashariki mwa Kampala, ina vitanda rasmi 550, na mara kwa mara imeripotiwa kulaza watu zaidi ya 1,000. Kila mara idadi hiyo inapotajwa, mjadala huenda kwenye bajeti ya chakula, uhaba wa dawa na uchache wa madaktari. Yote hayo ni kweli. Lakini jengo lenyewe huwa halitajwi, kana kwamba kuta ni chombo tu cha kuwekea wagonjwa. Sisi tunasema jengo linatibu au linaumiza, na kwamba sehemu kubwa ya fujo, sindano za lazima (za kumtuliza mgonjwa bila ridhaa yake) na majeraha ya wauguzi tunayoyahesabu kama ukali wa ugonjwa hutokana na namna wodi ilivyochorwa na ilivyojazwa.

Angalia jinsi mgonjwa aliyechachamaa anavyotulizwa. Wauguzi wa akili wanafundishwa kupanda ngazi moja moja. Kwanza unazungumza naye kwa sauti ya chini, mtu mmoja tu, ukisimama pembeni yake na si mbele yake. Akiwa bado hajatulia, unamtoa kwenye kelele na macho ya watu, unampeleka mahali pa peke yake. Kisha unampa vidonge, ukimwachia hiari ya kukubali. Sindano na mikono ya watu wanne ni ya mwisho kabisa. Sasa ngazi ya pili ni nafasi. Inahitaji chumba, au kona, au hata benchi kwenye baraza lisilo na msongamano. Wodi ya watu 50 katika ukumbi mmoja haina kitu hicho. Nesi akishamaliza maneno, anaruka moja kwa moja hadi haloperidoli na diazepamu ya sindano, maana hakuna mahali pa kumpeleka mgonjwa. Hakukosea kitaaluma. Mchoro wa jengo ulikata ngazi katikati.

Na mgonjwa mwenyewe anafikiwa na msongamano kwa njia ambayo mtu mwenye afya haihisi. Anayesikia sauti zikimtukana hawezi kutofautisha kwa urahisi kicheko cha kitanda cha tatu na sauti ya kichwani. Mwenye wazimu wa furaha kupita kiasi hulala kwa muda wa saa mbili tatu tu, na akiamka usiku anawaamsha walio jirani. Mwenye hofu ya kufuatwa anahitaji kuwa na ukuta nyuma yake na mlango anaouona. Kwenye godoro la njiani hana vyote viwili, na kila anayepita kwenda chooni anamruka.

Nchini Sweden, hospitali ya Östra mjini Göteborg ilifungua jengo jipya la magonjwa ya akili mwaka 2006. Roger Ulrich na wenzake waliilinganisha na jengo la zamani ililolirithi na hospitali nyingine iliyobaki kama ilivyokuwa, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Walikuwa wameorodhesha sifa kumi zinazopunguza mkazo: vyumba vya mtu mmoja, wodi ndogo, sebule yenye viti vinavyohamishika, bustani inayofikika, mwanga wa jua, utulivu wa sauti, uwezo wa nesi kuona maeneo ya pamoja, na nyingine za aina hiyo. Jengo jipya lilikuwa na tisa kati ya kumi. Kuwafunga wagonjwa mikanda kulipungua kwa takriban nusu, na sindano za lazima zikapungua pia. Kwa hiyo kile ambacho hapa kwetu tunakitafuta kwa kuongeza askari wa wodi, wao walikipata kwa kubadili mahali.

Tunajua jibu litakalokuja: Sweden ina fedha, sisi hatuna. Tathmini ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba afya ya akili Uganda ilikuwa ikipata takriban asilimia 1 ya matumizi ya serikali kwa afya, na zaidi ya nusu ya hiyo ilikwenda Butabika. Chumba cha mtu mmoja chenye bafu lake hakiwezekani hivi karibuni, na hatudai hicho. Tunadai tuelewe chumba kile kilifanya kazi gani, halafu tuifanye kazi hiyo kwa tofali na saruji tulizonazo. Chumba cha peke yake kilimpa mgonjwa umbali, giza la kulala, na uwezo wa kuamua nani anamwona. Ukumbi wa mita 24 ukigawanywa kwa kuta fupi za mita 1.3 kuwa sehemu za vitanda vinne vinne, mgonjwa aliyelala haoni tena wagonjwa 23 wengine bali watatu tu wa sehemu yake, na nesi aliyesimama bado anawaona wote. Hewa inapita juu ya ukuta. Fundi mzuri hujenga kuta hizo wiki chache, na wodi haihitaji kuhamishwa yote kwa mara moja.

Kitu cha pili ni chumba cha utulivu, na hapa lazima tuseme wazi kwa sababu hospitali nyingi zinadhani tayari zinacho. Zina chumba cha kutengea. Ripoti iliyotolewa mwaka 2014 na MDAC, shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu wa akili, pamoja na Mental Health Uganda ilieleza wagonjwa waliofungiwa kwenye vyumba vya namna hiyo, wengine wakiwa uchi. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, imeweka mipaka juu ya kumtenga mgonjwa na kumfunga. Sheria peke yake lakini haizui kitu usiku wa manane kama chumba pekee kilicho tupu ndani ya wodi kina mlango wa chuma na komeo la nje. Mtu atatumia alichonacho.

Chumba cha utulivu kinatofautiana na hicho kwa mambo yanayoonekana kwa macho. Mlango wake haufungwi kwa nje. Mgonjwa anaingia kwa kuombwa au kwa kujitakia, na anatoka akitaka. Kina kiti kipana kilichojazwa sifongo au godoro nene sakafuni, dirisha linaloonyesha miti au anga, rangi isiyong'aa, na kiti cha pili kwa nesi, kwa sababu kumwacha mtu peke yake hakumtulizi kila mara. Mita 3 kwa 3 zinatosha. Kiwe karibu na meza ya wauguzi, kisiwe mwisho wa korido karibu na vyoo. Kosa linalojirudia ni kukigeuza stoo: mwezi wa kwanza kinatumika, mwezi wa tatu kuna magodoro mabovu ndani, na mwezi wa sita ufunguo wake haujulikani uko wapi. Dawa ya hilo ni kukitaja kwenye ripoti ya makabidhiano ya zamu kila siku, kama wanavyotaja idadi ya wagonjwa.

Sehemu ambayo wachoraji wa majengo huikosa kabisa ni pale dawa zinapokutana na ukuta. Tutakaa hapa kidogo.

Haloperidoli, dawa inayotumika sana kwetu, huwaletea baadhi ya wagonjwa akathizia: hali ya kutotulia miguuni na moyoni ambapo mtu hawezi kukaa, lazima atembee. Mweke mtu huyo kwenye ukumbi wenye mlango uliofungwa. Anatembea mita 24, anakuta ukuta, anageuka, anawapita watu haohao, anageuka tena. Anawakanyaga walio kwenye magodoro. Wanamfokea. Nesi anamwambia akae, hawezi, anaandikwa kuwa mkorofi, na jioni anaongezewa haloperidoli, dawa ileile iliyomwasha. Mduara huu unavunjwa na daktari anayeitambua akathizia na kubadili dozi, lakini unavunjwa pia na njia ya kutembea isiyo na mwisho. Baraza linalozunguka ua wa ndani wa mita 12 kwa 20 linampa mtu mzunguko wa mita 64 bila kugonga ukuta wala kurudi nyuma. Atembee mara 50 akitaka. Ua ukiwa katikati ya jengo, majengo yenyewe ndiyo uzio, na nesi aliye kwenye baraza anaona pande zote nne.

Klopromazini, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, nayo huifanya ngozi iungue haraka juani na kuufanya mwili ushindwe kujipoza. Sisi tuko juu ya mstari wa ikweta. Uwanja wa saruji usio na kivuli, ambapo wagonjwa wanatolewa saa nne asubuhi ili wodi ipigwe deki na kurudishwa saa saba, unawadhuru hasa wale wanaomeza dawa hiyo. Unahitajika mwavuli wa mabati au pagola, au miti iliyopandwa mbali na ukuta wa nje ili isiwe ngazi ya kutorokea. Kivuli kihesabiwe: mita 1 ya mraba kwa kila aliyeketi haitoshi, maana watu wanalala juani na kivulini pia, hesabu angalau mbili.

Lithiamu, dawa ya baipola (ugonjwa wa kupanda na kushuka kati ya furaha kupita kiasi na sonona), ni hatari zaidi kwa sababu haionekani. Mtu anayeimeza akipungukiwa maji mwilini, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda. Anaanza kutapika, kutetemeka, kuyumba, kuchanganyikiwa, na asipowahiwa anaweza kufa. Dawa hiyohiyo humletea kiu na kumpeleka haja ndogo mara nyingi. Kwa hiyo maji ya kunywa kwenye wodi ni sehemu ya matibabu, na bomba pekee likiwa chooni, au pipa likiwa limefungwa ofisini, jengo linapingana na daktari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa, na choo 1 kwa watu 20. Wodi ya watu 50 inahitaji basi lita 2,000 hadi 3,000 kwa siku na vyoo visivyopungua 3 vinavyofanya kazi. Tangi la lita 10,000 linaivusha siku 3 maji ya mtaani yakikatika. Pale ambapo vyoo 2 kati ya 4 vimeziba, foleni ya saa kumi na mbili asubuhi ndiyo inayozaa ugomvi wa kwanza wa siku, na kwenye kitabu cha wodi inaandikwa kwamba mgonjwa alikuwa mkali bila sababu.

Dawa nyingi kati ya hizi hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla, na nyingine hukaza viungo hadi mtu aburute miguu. Kizingiti cha sentimita 5 mlangoni, mtaro ulio wazi kando ya baraza, sakafu ya terazo iliyolowa, na mita 24 za giza kati ya kitanda na choo vinatosha kuvunja nyonga ya mama wa miaka 60. Taa ndogo za chini, hata za sola, ziwekwe usawa wa goti. Taa kubwa za dari zikiwashwa usiku kucha huwanyima usingizi watu ambao usingizi ndio nusu ya tiba yao, na zikizimwa zote nesi haoni kitu.

Sauti. Wodi yetu ya mfano yenye dari ya mita 3 ina ujazo wa mita 576 za ujazo. Kuta zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji na dari ngumu havinyonyi sauti karibu hata kidogo. Ukifanya hesabu ya Sabine, kanuni ya kukadiria mwangwi wa chumba, sauti inayotolewa humo madirisha yakiwa yamefungwa inachukua kama sekunde 3 kabla haijafa. Watu 40 wakizungumza, kila mmoja anapandisha sauti ili asikike juu ya mwangwi, na mwangwi unapanda nao. Ukibadilisha dari tu, ukaweka bodi laini zenye matundu, muda huo unashuka chini ya sekunde 1. Ni hatua chache kwenye orodha hii zinazobadili wodi kwa haraka namna hiyo. Bodi hizo zinafaa pia kwa mvua. Dhoruba za ukanda wa Ziwa Viktoria zikipiga mabati yasiyo na dari, nesi hawezi kusikia anayeita kwa msaada kutoka upande wa pili, na kwa mgonjwa mwenye saikosisi (aliyepoteza mguso na uhalisia) ngurumo ile ni kitu cha kutisha kweli. Wengine hutumia mikeka ya mafunjo kama dari majumbani. Wodini haifai, inashika moto na kufuga wadudu.

Kuhusu mwanga ushahidi ni wa miaka mingi. Mjini Edmonton, Canada, utafiti wa 1996 ulikuta wagonjwa wa sonona waliolazwa vyumba vyenye jua walikaa wastani wa siku 16.9, na wale wa vyumba vyenye kivuli siku 19.5. Milan, Italia, mwaka 2001, wagonjwa wa baipola waliokuwa katika hali ya sonona na kulala upande wa mashariki, wanaopata jua la asubuhi, walitoka mapema kwa karibu siku 4. Mchoraji wa Uganda hapa anakutana na mvutano: dirisha la mashariki au magharibi kwetu huingiza joto kali, ndiyo maana majengo hulazwa mashariki–magharibi na madirisha yakatazama kaskazini na kusini. Suluhisho si gumu. Wodi ya kulala ilazwe hivyo, na sebule ya mchana iwekwe kwenye ncha ya mashariki. Chai ya asubuhi inywewe humo.

Madirisha yenyewe ndiyo mahali hofu hushinda busara. Mgonjwa mmoja akitoroka, wiki inayofuata madirisha yanapigiliwa misumari. Hewa inakufa. Kwa wodi za kawaida zinazotegemea upepo, pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na kifua kikuu bado kiko nasi. Wodi iliyofungwa yenye watu 50 ni mahali pazuri pa kukieneza. Dirisha refu jembamba linalofunguka sentimita 10 tu halipitishi mwili wa mtu mzima, na yakiwa mengi, pande zote mbili za ukumbi, upepo unapita bila nondo hata moja. Vioo vya luva viondolewe kabisa: vinachomoka kwa mkono na vinakata.

Kuna suala la chandarua ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi. Malaria inataka chandarua juu ya kila kitanda. Usalama wa mgonjwa anayefikiria kujiua unataka kitu chochote cha kamba au ndoano kisiwepo pale alipo peke yake. Tusichague moja tukaua kwa lingine. Wavu uwekwe kwenye madirisha, matundu ya hewa na mlango wa nje, ukuta upuliziwe dawa, na chandarua cha kitandani, kama kipo, kishikiliwe na kifungo kinachoachia kikivutwa. Uangalifu huohuo wa vitu vinavyochomoza uende kwanza vyooni, bafuni na kwenye vyumba vya mtu mmoja, kwa kuwa ndipo macho ya nesi hayafiki.

Sasa wahudumu. Usiku, wodi ya watu 50 inaweza kuwa na wauguzi wawili. Meza yao ikiwa mlangoni, kitanda cha mwisho kiko mita 24. Ikihamishiwa katikati ya ukuta mrefu, hakuna kitanda kilicho mbali zaidi ya mita 14 hivi. Hilo ni badiliko la siku moja. Hospitali nyingi zimechagua njia nyingine: kibanda cha kioo na mlango wa kitasa. Nesi anajiona salama humo, lakini kila mgonjwa mwenye swali analazimika kugonga kioo, na asipojibiwa anapiga kwa nguvu zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliofuatilia wodi kabla na baada ya kuondoa kizuizi cha namna hiyo haukuona ongezeko la fujo. Kaunta ya wazi yenye kina cha sentimita 80 inamzuia mtu asimfikie nesi kwa urahisi, mradi nyuma yake kuwe na njia mbili za kutokea na chumba cha dawa kinachofungwa.

Njia mbili za kutokea ni kanuni inayopaswa kufuatwa kila mahali nesi anapokaa na mgonjwa, ofisi ya mahojiano ikiwemo. Kama mlango ni mmoja, nesi akae karibu nao. Milango ifunguke kuelekea nje. Ule unaofunguka ndani huzibwa kwa kitanda kimoja. Choo kiwe na komeo linaloweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu. Funguo zifanane kwa milango yote na kila aliye zamu awe na wake. Makufuli matano tofauti kwenye shada moja, mfukoni mwa mtu mmoja ambaye ameenda kuchukua chakula, ni maafa yanayosubiri moto. Uganda ilishaona bweni la shule ya Budo likiungua mwaka 2008 milango ikiwa imefungwa. Wodi ya akili iliyofungwa haina tofauti na bweni hilo.

Choo cha wahudumu kiwe ndani ya wodi. Linaonekana dogo, lakini bila hicho nesi wa usiku anapotoka dakika kumi anamwacha mwenzake peke yake na watu 50. Chumba cha kupumzikia chenye kiti na birika pia, na kengele ya mkono au filimbi shingoni pale ambapo hakuna kengele ya umeme.

Katika vitengo vya akili vya hospitali za rufaa za mikoa, vingi vyao vilivyojengwa miaka ya 2000 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, mgonjwa mara nyingi huja na ndugu wa kumuuguza. Ndugu huyo anapika, anafua, anamshika mgonjwa asianguke, na usiku anamtuliza kwa lugha ya nyumbani. Mchoro mara nyingi haumjui. Analala chini ya kitanda. Akiwekewa banda la kupikia lenye moshi unaotoka, kamba za kuanikia nguo nje ya ua wa wagonjwa, na benchi la kulalia kando ya kitanda, wodi imepata msaidizi ambaye serikali haimlipi. Mama mwenye saikosisi ya baada ya kujifungua, hasa, atengewe chumba kinachomchukua yeye, mtoto na bibi, wakiwa machoni pa nesi.

Lugha nayo ni sehemu ya jengo. Hospitali ya Mbarara hupokea watu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wengi wao Wakongo wanaosema Kiswahili. Arua hupokea kutoka Bidibidi, kambi nyingine ya wakimbizi, wengi wao kutoka Sudan Kusini. Kibao cha Kiingereza chenye neno moja hakimsaidii aliyefika jana akiwa amechanganyikiwa. Mlango wa choo upakwe rangi yake na kuchorwa picha, kitanda kiwe na alama, ukutani kuwe na saa kubwa na kalenda inayobadilishwa kila siku. Kwa viti vya sebuleni, watafiti Sommer na Ross walionyesha tangu mwaka 1958 huko Saskatchewan: walipoviondoa kando ya kuta na kuvizungushia meza ndogo katika wodi ya wazee wanawake, mazungumzo kati yao yaliongezeka karibu mara mbili. Mabenchi yetu bado yameegemea ukuta.

Mganga mkuu mwenye fedha kidogo aanzie wapi? Ahamishe meza ya wauguzi na viti, maana havigharimu kitu. Azibue vyoo na kuweka pipa la maji ya kunywa lenye bomba sebuleni. Abadilishe mielekeo ya milango na kufuli. Halafu dari, halafu kuta fupi na chumba cha utulivu, halafu kivuli. Kabla ya kugusa chochote, achukue kitabu cha wodi na kuhesabu miezi mitatu iliyopita: sindano za lazima, saa za kutengwa, wagonjwa waliopigana, wahudumu waliojeruhiwa, waliotoroka, na kwa kila tukio saa na mahali lilipotokea. Ayatie alama kwenye ramani ya wodi. Kwa kawaida alama hurundikana sehemu mbili tatu, kama vile foleni ya choo, dirisha la dawa na ncha ya korido, na hapo ndipo fundi aitwe kwanza. Miezi mitatu baada ya kazi kuisha, ahesabu tena kwa kitabu kilekile, akigawanya kwa idadi ya wagonjwa waliolala kila siku ili msongamano usipotoshe jibu, kisha ampelekee mkandarasi wa jengo linalofuata ramani zote mbili kabla hajachora msingi.